Asubuhi ya Kijana Mkristo Hupangwa Jioni

Nilipokuwa kidato cha pili niliweka nadhiri. Nitaamka saa 9:00 usiku kila siku na kupiga magoti mpaka kupambazuke, maana mhubiri mmoja aliyepita kwetu Masasi alisema anayelala hadi alfajiri amemwachia shetani lindo. Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Siku ya pili niliomba nimeegemea ukuta. Siku ya nne nilisinzia kwenye kipindi cha hesabu, mate yakalowanisha daftari, darasa zima likacheka kabla mwalimu hajajua linacheka nini.

Jioni ile nilimsimulia bibi nikitegemea pole. Alivaa miwani yake, akafungua Zaburi ya 127, akaniwekea kidole kwenye mstari wa pili, pale panaposema kuamka mapema na kuchelewa kulala ni kazi bure, kwa kuwa Mungu humpa mpenzi wake usingizi. "Soma kwa sauti," akasema. Nikasoma. "Haya, tena."

Sasa ni mimi ninayelea vijana kanisani, na karibu kila mwaka nampata mmoja mwenye nadhiri kama ile yangu. Wengi zaidi wako upande wa pili: wanaamka zimebaki dakika kumi, wanafunga vifungo vya shati wakikimbia, hawajala, na Mungu wanamkumbuka karatasi ya mtihani inapogawiwa. Niliyoandika hapa ni kwa ajili ya wote wawili. Nimeyajaribu kwa watoto wangu na kwa vijana wa watu, wa Masasi mjini na wa vijijini, na nimeondoa yaliyoshindikana.

1. Hesabu kwa kurudi nyuma

Usianze na saa unayotaka kuamka. Anza na saa unayotakiwa kuwa shuleni, kisha rudi nyuma.

Tuseme namba inachukuliwa saa 1:00 asubuhi na kwa miguu ni dakika 40. Maana yake unatoka nyumbani saa 12:20. Kula kwa kukaa chini, dakika 15. Kuoga na kuvaa, 15. Kazi za nyumbani, 20. Sala na Neno, 15. Jumla dakika 65, kwa hiyo unaamka saa 11:15 alfajiri. Sasa endelea kurudi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walipendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku. Chukua hiyo ndogo kabisa, saa 8. Saa 3:15 usiku uwe umeshalala, na kulala si kuwa kitandani unachati.

Hapo ndipo vijana wangu hunitazama kama nimewatukana. Saa tatu na robo! Tamthilia ndiyo kwanza imenoga. Lakini hesabu haina huruma, na ukiipunguzia usingizi utailipa kwenye kipindi cha hesabu kama mimi. Kama shule yako ni jirani na unatembea dakika kumi tu, una nusu saa ya ziada, itumie kulala na wala usione aibu. Yesu mwenyewe alilala ndani ya chombo, katikati ya dhoruba, na Marko anaona haja ya kututajia kwamba alilalia mto.

2. Jioni ndipo kazi ilipo

Sura ya kwanza ya Mwanzo huihesabu kila siku kwa namna moja: ikawa jioni, ikawa asubuhi. Jioni inatangulia. Na sisi Waswahili tuna hesabu hiyo hiyo mdomoni bila kuifikiria, tunaposema usiku wa kuamkia Jumapili. Siku inaanza jua likizama. Basi ukitaka kujua kesho yako itakuwaje, angalia leo saa mbili usiku ulikuwa unafanya nini.

Kabla ya kulala, mambo haya yawe yamekwisha:

Ndoo ya kuogea imejaa na ina kifuniko. Hili nimeliweka la kwanza makusudi. Wa Newala na vijiji vingine vya juu ya uwanda wa Makonde wananielewa. Huko maji yana safari, na asubuhi nzima inaweza kuishia kwenye foleni ya madumu. Ndoo iliyojazwa jioni ni nusu saa uliyojiwekea akiba.

Sare imepigwa pasi au angalau imenyooshwa na kutundikwa, soksi zote mbili zikiwa pamoja. Begi limefungwa. Biblia, kaunta buku ndogo na kalamu vimekaa mahali pamoja, mahali ambapo mkono utavifikia gizani bila kuamsha mtu. Chandarua kimechomekwa. Mikoa yetu ya kusini bado imo kwenye orodha ya yenye malaria nyingi nchini, na hakuna ratiba inayosimama mbele ya homa.

Halafu simu. Ninajua bando la usiku ni la bei rahisi na ninajua linaanza kunoga wakati gani. Ndiyo maana nasema simu isilale chumbani kwako. Ipeleke sebuleni, au kwa mama, ichajiwe huko. Ukisema unaihitaji kwa kuwa ndiyo saa yako ya kukuamsha, tafuta kitochi. Kitochi kinaamsha vizuri kuliko simu janja yoyote, chaji yake inakaa siku kadhaa, na hakina cha kukuonyesha saa sita usiku zaidi ya mchezo wa nyoka.

Kisha omba kwa ufupi, ulale. Sala ya usiku ya mtu aliyechoka inatosha ikiwa na asante moja, samahani moja na jina moja la mtu unayemwombea.

3. Kuamka

Wazazi wengi huona kijana asiyeamka ni mvivu, na wakati mwingine ni kweli. Lakini kuna jambo la kimwili hapa. Ukibalehe, saa ya ndani ya mwili husogea mbele. Melatonini, homoni inayoleta usingizi, huanza kutolewa usiku kwa kuchelewa kuliko ulipokuwa mtoto, kwa hiyo usingizi unakuja kwa kuchelewa na unakatalia kuondoka. Hukuchagua hivyo. Hata hivyo saa hiyo inaweza kuvutwa irudi, na kinachoivuta zaidi ni mwanga: mwingi asubuhi, kidogo usiku. Nitarudi kwenye mwanga tukifika kwenye ufagio.

Huku kwetu una msaada ambao vijana wa miji mingine hawana kila mahali. Adhana ya alfajiri. Mwislamu jirani yako anapoitwa, na wewe unaweza kuchukua wito. Nina kijana mmoja katika kundi letu ambaye mama yake mdogo ni Mwislamu, yule mama akiamka kutawadha humgongea mlango, "Wee Mkristo, na wako anakusubiri." Familia za kusini zimechanganyika hivyo tangu zamani, na sioni ubaya wowote kuamshwa na mama mdogo wa dini nyingine uende kwa Mungu wako. Ila angalia saa: adhana inafuata jua, inasogea kadiri miezi inavyokwenda. Hapa Masasi mwezi Novemba jua linachomoza kabla kidogo ya saa 12:00, mwezi Juni linangoja mpaka saa 12:30 ipite. Kitochi kiwe ndicho mwamuzi.

Njia nyingine ni mwenzako. Ukitoka Masasi kufuata barabara ya Lindi utafika Ndanda, ambako watawa Wabenediktini wapo tangu 1906, na wao huianza siku kwa sala ya pamoja. Kanuni wanayoishi nayo iliandikwa Italia katika karne ya 6, na ina mambo mawili yaliyonifurahisha nilipoyajua. La kwanza, Benedikto aliyeiandika aliagiza ndugu walale kupita kidogo nusu ya usiku ili waamke chakula kimeshasagika tumboni. Huyo ni mtakatifu aliyejua mwili ni nini. La pili, aliagiza wakiamka wahimizane taratibu, kwa sababu wenye usingizi hawakosi visingizio. Miaka kama 1,500 iliyopita, na visingizio ni vile vile. Basi patana na dada yako au kaka yako: atakayeamka wa kwanza amguse mwenzake begani. Amguse tu, asimmwagie maji.

Ukishafumbua macho, miguu iguse sakafu, kunywa kikombe cha maji, nawa uso, piga mswaki. Usirudi kukaa kitandani "kidogo." Hicho kidogo nakifahamu.

4. Dakika 15 za Mungu

Hapa ndipo watu huniuliza maswali mengi, basi nitakaa kidogo.

Wapi? Wengi wenu mnalala chumba kimoja na wadogo zenu. Si lazima chumba. Kibarazani, jikoni kabla moto haujawashwa, chini ya mwembe nyuma ya nyumba kama kumeshapambazuka. Marko 1:35 inasema Yesu alitoka alfajiri akaenda mahali pasipo na watu. Soma na mistari ya juu yake: jana yake jua lilipozama walikuwa wamemletea wagonjwa wa mji mzima mlangoni. Alihitaji mahali pa kukaa peke yake na Baba kabla watu hawajaanza tena kumtafuta, nao kweli walimtafuta, mstari wa 36 na wa 37. Nyumba ya kwenu nayo ni hivyo hivyo. Dakika ishirini baadaye kila mtu atakuwa anakuita.

Kwa sauti gani? Ya chini. Najua kuna makanisa ambako maombi bila sauti yanaonekana hayajapaa, na sina ugomvi na hilo mkiwa kanisani. Nyumbani alfajiri, soma Mithali 27:14: anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu asubuhi na mapema atahesabiwa kuwa amemlaani. Baba aliyetoka lindo saa kumi usiku hatamsifu Bwana kwa sababu umemwamsha.

Ufanye nini? Kama ni Mkatoliki una Sala za Asubuhi, na kengele ya saa 12:00 ikilia una Malaika wa Bwana. Kama ni Mwanglikana, nasi huku dayosisi ya Masasi tuko wengi, una Sala ya Asubuhi ndani ya kitabu cha sala. Chukua zaburi yake na sala fupi, huhitaji kuimaliza yote peke yako. Mlutheri, Mpentekoste, Msabato, kila mmoja ana utaratibu wake. Usidharau maneno yaliyoandikwa na wengine. Saa kumi na moja na nusu akili yako haina maneno mengi mazuri ya kwake.

Kama huna utaratibu wowote, tumia huu wa kwetu. Dakika moja kaa kimya, pumua. Dakika saba soma. Anza na Marko: ina sura 16, ukisoma nusu sura kwa siku unaimaliza kwa mwezi mmoja na siku moja au mbili. Ukimaliza, Mithali ina sura 31, unasoma ile inayolingana na tarehe. Leo tarehe 9, sura ya 9. Dakika tatu andika kwenye kaunta buku mstari mmoja tu, kwa maneno yako, na swali kama unalo. Maswali yaandike hata yale unayoona aibu kumwuliza padri au mchungaji. Dakika nne zilizobaki omba: shukuru kwa kitu cha jana unachoweza kukitaja, taja watu wawili kwa majina, kisha mwambie Mungu jambo moja la leo unaloliogopa. Moja. Mtihani wa fizikia. Ada. Yule kijana wa kwenye kona anayekusumbua ukipita, na huyo usiishie kumtaja kwa Mungu, mtaje na kwa mama yako au mwalimu unayemwamini.

Zipo asubuhi ambazo hutasikia chochote. Utasoma nasaba, au sheria za ukoma, na utafunga kitabu ukiwa vile vile. Wengi huacha hapo wakidhani wamekosea mahali. Hawajakosea.

5. Ufagio, na suala la wavulana

Kufagia uwanja alfajiri ni kazi ambayo vijana wanaichukia kuliko zote, na mimi ndiyo ninayoitetea kuliko zote. Uko nje. Kunapambazuka, na hata mwanga wa mawingu asubuhi ni mkali mara nyingi kuliko wa taa ya chumbani, ndiyo ule mwanga niliosema unaivuta saa ya mwili. Mgongo unainama na kuinuka, damu inatembea. Dakika 15 za ufagio wa chelewa zinakuamsha kuliko kikombe cha chai kali. Miezi ya Juni na Julai, wakati wa baridi, ngoja kupambazuke. Anza na vyombo, fagia baadaye.

Lakini nina neno hapa, na nitalisema bila kupunguza. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu, ratiba hii niliyoandika ni ya mvulana. Binti anaamka saa kumi na moja kama kaka yake, ila yeye anachota maji, anawasha moto, anaosha vyombo vya jana, anamvisha mdogo wao, na dakika 15 za Mungu zinamezwa na sufuria. Kisha kanisani tunamuuliza kwa nini hasomi Biblia. Mama, baba, gawanyeni. Mvulana wa miaka 14 anaweza kubeba dumu, anaweza kuosha sufuria, na hakuna mkono uliowahi kukatika kwa jivu na chuma cha kusugulia. Na wewe mvulana unayesoma, usingoje kuambiwa. Kama unataka kujua sala yako ya asubuhi imefika mahali gani, angalia kama imekufikisha kwenye beseni la vyombo.

Jambo la usalama: binti asiende kisimani peke yake gizani. Maji yachotwe jioni, au waende wawili, au aende kaka.

6. Waamkie wakubwa

Hili ni fupi. Lugha yetu imeliweka neno la kuamka ndani ya neno la heshima: kuamka, kuamkia, maamkizi. Kabla ya kuigusa simu, nenda kwa baba, mama, bibi, sema shikamoo, uliza wamelalaje, na subiri jibu. Bibi atakuambia mguu haujamwacha alale. Msikilize dakika mbili, zimo kwenye hesabu.

7. Kula

Eliya alipokimbia jangwani akaomba afe, malaika hakuanza na mahubiri. 1 Wafalme 19: alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena. Neno la Mungu lilikuja baadaye, baada ya tumbo na usingizi. Kwa hiyo usiniambie unafunga kula kila asubuhi kwa ajili ya Bwana wakati ukweli ni kwamba umechelewa. Kufunga kuna wakati wake, na kwa mtu ambaye bado anakua na anayesoma mpaka saa nane mchana kuzungumzwe kwanza na mzazi na kiongozi wa kanisa.

Shule nyingi za kutwa chakula kinachelewa sana, na pengine hakipo. Kifungua kinywa ndicho kinachokubeba. Huhitaji mkate wa dukani na soseji. Kiporo cha jana kinafaa kabisa, mradi kilifunikwa vizuri na kimepashwa mpaka kichemke: wali na mbaazi, ugali na kunde. Mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha. Ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, ukiipata. Uji wa mtama au wa ulezi, na hapa weka karanga zilizotwangwa ndani, kwa sababu uji mtupu unaisha tumboni kabla ya kipindi cha tatu. Tunaishi kwenye nchi ya korosho. Zile zilizovunjika huuzwa kwa bei nafuu kuliko nzima, na kiganja kimoja na uji kinakufikisha mchana. Andazi moja na chai ya rangi yenye sukari vijiko vinne ni kama kuwasha moto wa makaratasi, unawaka sana na unazimika papo hapo.

Kuhusu chai, jambo moja wasichana hasa walijue. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka, kunde na mboga. Msichana anayepata hedhi anapoteza damu kila mwezi, na upungufu wa damu unachosha sana. Kunywa chai saa moja baadaye, au siku nyingine badilisha kwa tunda: chungwa, embe, au bibo, tunda la mkorosho, msimu ukiwepo, ambalo lina vitamini C nyingi kupita chungwa. Ila ule bibo kabla ya kuvaa sare. Doa la bibo halitoki, nami nina blauzi ya ushahidi.

8. Njiani

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Wewe wa dakika 40 kwenda na 40 kurudi, ukitembea kwa kasi, umeshamaliza, usidanganywe na mtu wa mazoezi ya ukumbini. Tembea na wenzako, hasa miezi ile ya giza la asubuhi. Unayepanda bodaboda kila siku kwa umbali wa dakika 15, jaribu kutembea mara mbili kwa wiki. Hiyo nauli itajua pa kwenda.

Kwa walio bweni

Kengele imeshakupangia, huna la kuhesabu. Ninachoomba ni dakika kumi kati ya kuoga na usafi, mahali pamoja kila siku. Kikundi cha wanafunzi Wakristo cha shule yenu, UKWATA, TYCS au CASFETA, huenda kina sala ya pamoja asubuhi. Nenda, ila usiifanye kisingizio cha kutokuwa na yako ndogo.

Msimu wa korosho, mvua, mtihani

Ratiba yoyote isiyojua korosho haijaandikwa kwa ajili ya Mtwara na Lindi. Kuanzia Septemba au Oktoba familia ziko shambani, na asubuhi ni wakati wa kuokota. Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba, katikati ya hayo yote. Mvua nazo zinaanza karibu na hapo.

Kwa siku kama hizo uwe na ratiba fupi, ya dakika tano, uliyoiandaa mapema na kuiandika nyuma ya jalada la kaunta buku: maji, Baba Yetu polepole, mstari mmoja wa Zaburi ulioukariri, shikamoo, na chakula cha kushika mkononi. Zaburi ya 5 mstari wa 3 inafaa, inazungumza kuhusu asubuhi. Unaisema moyoni ukiwa umeinama chini ya mkorosho, na ndoo yako inajaa kama za wengine. Mzazi, naye mtahiniwa apunguziwe. Wiki za mtihani kilo chache za korosho hazilingani na cheti.

Ukiumwa, ratiba inalala nawe. Ukiamka umechoka kwa siku tatu mfululizo na mwili una joto, kapime malaria kabla hujajilaumu. Na kama ni moyo ndio mzito, asubuhi baada ya asubuhi, wiki mbili zimepita na hakuna kinachokufurahisha, hiyo nayo ni hali ya kumwambia mtu mzima na mhudumu wa afya. Maombi yaende pamoja na hilo.

Namna ya kuanza bila kujivunja

Usianze yote Jumatatu. Wiki ya kwanza fanya mambo mawili tu ya jioni, ndoo na simu. Wiki ya pili ongeza saa ya kulala. Wiki ya tatu ongeza dakika tano za Neno, si 15. Mengine yafuate.

Utasikia watu wakisema tabia hujengeka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009. Ilichukua siku 66 kwa wastani, na tofauti ilikuwa kubwa, wengine siku 18, wengine ilikadiriwa wangefika 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Maombolezo 3 ilishasema rehema zake ni mpya kila asubuhi, kwa hiyo nilifurahi kuona hesabu na Maandiko vimekutana njiani. Ukikosa Jumanne, anza Jumatano pale pale ulipoishia kwenye Marko. Usisome sura mbili kulipa deni.

Jumamosi unaruhusiwa kuongeza saa moja ya kulala, isizidi, la sivyo Jumatatu mwili utadhani umehamia nchi nyingine. Jumapili ibada ya kwanza inaanza mapema, na wanakwaya mnajua mnatakiwa kuwahi zaidi kupasha sauti. Viatu vya kanisani vipigwe rangi Jumamosi kabla giza halijaingia, kwa sababu umeme ukikatika usiku utavaa kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Hilo limetokea, mbele ya askofu, na sitamtaja aliyevivaa.